Wajuzi wa Kielfi: hii "lim" kwenye "noro lim" ni nini hasa?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu, salamu. Nina swali kwa wanaofuatilia lugha ambazo Tolkien aliwatungia Waelfi wa The Lord of the Rings. Mwelfi Glorfindel anapomhimiza Frodo awahi Kivuko cha mto Bruinen, na Wapandafarasi Weusi wako nyuma yao, anampigia farasi wake ukelele: "Noro lim, noro lim, Asfaloth!" Kitabuni hakuna tafsiri. Asfaloth ni jina la farasi. Noro sina shida nayo. Kinachoninyima raha ni hiyo lim. Kila unakopita mtu kaandika "haraka" kana kwamba alikuwepo Tolkien akiandika. Nani kasema ni haraka, na kasemea wapi?

#2 Mpanda Upepo
Ni haraka, mkuu. Kwenye filamu ya 2001 Arwen, aliyepewa nafasi ya Glorfindel, anaitamka na farasi anaongeza mwendo. Farasi kaelewa, wewe unakwama wapi? 😂

#3 Kalamu Kavu
Farasi wa filamu alikuwa na mkufunzi. Mimi ndiyo huyo mkufunzi ninamtafuta hapa.

#4 Mzee wa Mizizi
Tuanze na lisilo na ubishi. Noro ni amri. Sindarin, Kielfi anachosema Glorfindel hapo, ikiamuru, kitenzi kinaishia na o: pedo (sema) iliyochorwa kwenye mlango wa Moria, edro (fungua) ambayo Gandalf anaupigia mlango huohuo kelele, lasto (sikiliza), daro (simama) iliyomfanya Legolas ashuke mtini kwa mshtuko kule Lothlórien, na tiro (angalia) ndani ya kilio cha Sam mbele ya yule buibui Shelob. Kwa hiyo noro ni "kimbia".

Lim sasa. Wanaosema "haraka" hawakuokota njiani. Kwenye Namárië, wimbo wa Galadriel wa kuagana, kuna "yéni ve lintë yuldar avánier": miaka imepita kama mafunda ya haraka ya kinywaji. Fasiri ni ya Tolkien mwenyewe. Lintë ni wingi, umoja wake linta. Hiyo ni Quenya, Kielfi kingine, na Quenya na Sindarin zimetoka tumbo moja. Linta huku, lim kule. Mimi nimeridhika.

#5 Chuma Ulete
Nimeweka kambi. Nyie leteni mizizi, kazi yangu kutia chumvi.

#6 Binti Konsonanti
Mzee wa Mizizi, shikamoo. Kwa heshima zote, linta haiwezi kuzaa lim. Sindarin haiogopi nt mwishoni mwa neno. Rudi kwenye mlango wa Moria uliotutajia: echant (alitengeneza), teithant (alichora). Zimo palepale, nt imekaa kitako. Linta ikihamia Sindarin ingekuwa lint, basi. M ya mwisho kwa kawaida inatoka kwenye mb ya zamani. Quenya lambe (ulimi), Sindarin lam. Na ukitaka kuona kwamba hiyo m ni nzito, mwangalie Gandalf mlangoni anaposema "lasto beth lammen": kiambishi kikija, m zinajitokeza mbili. Kwa hiyo babu wa lim mtafute kwenye limb- au kitu kinachofanana nacho. Kwa linta hayupo.

#7 Mzee wa Mizizi
Marahaba binti. Sikusema linta ndiyo mama. Nasema inawezekana wana bibi mmoja, LI- fulani, mmoja akavaa -nt na mwingine -mb. Tolkien alipenda sana mizizi inayorefushwa kwa namna tofautitofauti.

#8 Binti Konsonanti
Kwa mtindo huo kila neno ni binamu ya kila neno, na hakuna atakayebishana na mwenzake tena. Uzi utakufa.

#9 Chuma Ulete
Usife kwanza, nina mchango. Nimefungua Etymologies, ile orodha ya mizizi aliyoiandika mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanawe Christopher akaichapisha ndani ya The Lost Road mwaka 1987. Nimetafuta lim. Mzizi LIW. Quenya lingwe. Noldorin lhim. Maana: SAMAKI.

"Kimbia samaki, kimbia samaki, Asfaloth!" Na mbele yao kuna nini? Mto. Nimemaliza, funga uzi.

#10 Mpanda Upepo
😂😂😂 Glorfindel alikuwa anamwambia ajiandae kuogelea.

#11 Kalamu Kavu
Chuma Ulete, hiyo ni lhim yenye h. Tunatafuta lim.

#12 Binti Konsonanti
Kinachoudhi ni kwamba hiyo h haimsaidii mtu. Noldorin ndiyo lugha iliyokuja kugeuka Sindarin Tolkien alipobadili historia ya Waelfi wake, na moja ya mabadiliko ni kwamba lh nyingi za mwanzo wa neno zilirudi kuwa l. Jani ni lhass katika orodha hiyohiyo, lakini katika Sindarin ni lass. Kwa hiyo lhim ya Noldorin inakuwa lim ya Sindarin bila kupinda kanuni yoyote. Kisauti, mzaha huu umesimama vizuri kuliko hoja yoyote iliyoletwa humu. Kimaana ni upuuzi.

#13 Chuma Ulete
Nitaichukua kama digrii ya heshima.

#14 Mkimbia Alfajiri
Wakuu ngojeni kwanza. Mimi nakimbia marathoni. Nimechora tatuu ya "noro lim" kwenye kifundo cha mguu, kwa herufi za Tengwar, nikiamini maana yake ni "kimbia kwa kasi". Mnaniambia nimejichora samaki?

#15 Mpanda Upepo
Kimbia samaki, mkuu. Hongera.

#16 Kobe Hachoki
Mkimbia Alfajiri usisikilize wahuni. Kwenye orodha hiyohiyo, Chuma Ulete kairuka kwa makusudi, kuna mzizi LIM wenyewe kama ulivyo: kuunga, kuunganisha. Quenya limil ni mnyororo. Málime ni kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono, yaani "kiungo cha mkono". Sasa chukua wazo la kuunga ulipeleke kwenye kukimbia: kimbia mfululizo, kimbia bila kukatisha, unganisha hatua. Soma sentensi iliyotangulia ukelele. Glorfindel anamwambia Frodo kwa lugha ya kawaida aendelee, aendelee, mara mbili, ndipo anamgeukia farasi kwa Kielfi na kusema noro lim, mara mbili pia. Tangu zamani naamini ni jambo lilelile kasema kwa ndimi mbili. "Endelea kukimbia." Haraka haimo, kuendelea ndiko kumo.

Kwa mkimbia marathoni hiyo ni tatuu bora kuliko ya kasi.

#17 Mkimbia Alfajiri
Asante Kobe, umeniokoa. Nachukua hiyo.

#18 Kalamu Kavu
Huwezi kuchagua maana kwa sababu inapendeza mguuni. Ila hoja ya Kobe ni nzuri, sikuwa nimeisikia. Tatizo langu: mtu anampigia kelele farasi aliye hatarini, "unganisha"?

#19 Kobe Hachoki
Lugha ngapi zinasema "mfululizo" kwa neno lenye asili ya kufunga au kushona? Asili ya neno na matumizi yake ni vitu viwili. Wewe ukisema "mara moja" una maana ya sasa hivi, huna habari na hesabu.

#20 Jicho la Kando
Naona mnachimba Etymologies peke yake. Kuna lim nyingine iko kwenye ramani. Limlight, mto unaotoka msitu wa Fangorn na kuingia mto mkubwa wa Anduin, mpaka wa kaskazini wa nchi ya Rohan. Tolkien aliwaandikia watafsiri mwongozo wa majina, ukachapishwa 1975 ndani ya A Tolkien Compass. Pale anasema kipande cha mwisho, light, kitafsiriwe, maana yake hapo ni angavu, safi. Lakini lim waiache ilivyo, kwa kuwa asili yake imefifia. Mwenye lugha mwenyewe anasema imefifia!

Kisha Unfinished Tales (1980) inatupa tahajia za mto huohuo zilizomo kwenye maandishi ya baadaye: Limlaith, Limlich, Limliht, Limlint. Na kuna Limhir, mto safi unaometameta. Hir hapo ni mto, sir iliyolainishwa. Inayobaki ni lim, na maana inayobaki ni "safi, yenye kumeta".

#21 Mzee wa Mizizi
Limlint inafasiriwa kwa maneno mawili, haraka na mwanga. Haraka ninayoitaka hiyo hapo, ndani ya jina lenye lim.

#22 Binti Konsonanti
Mzee, jina hilo lina vipande viwili, na kimoja ni lint. Yaani linta yako ile ile, imefika Sindarin ikiwa lint kama nilivyosema kwenye #6. Lint ikishachukua "haraka", lim inabaki na "mwanga". Umeleta shahidi akakutolea ushahidi kinyume.

#23 Mzee wa Mizizi
Sikubali. Mpangilio wa vipande katika majina ya Sindarin haujafungwa. Nimloth, "ua jeupe", inatanguliza sifa. Minas Tirith inatanguliza nomino. Tukisema kiholela kwamba sifa iko nyuma kwenye Limlint, tunachagua jibu kabla ya swali.

#24 Binti Konsonanti
Minas Tirith ni maneno mawili, Limlint ni moja. Na hata ukiuachia mpangilio, linta tayari tunaijua maana yake kwa kalamu ya Tolkien kwenye Namárië. Lim ndiyo hatuijui. Kinachojulikana ndicho kinachoamua.

#25 Mpanda Upepo
Basi ngojeni niwasuluhishe. Kama lim ni "angavu", si kielezi kabisa. Glorfindel anamwita farasi! "Kimbia, ewe mng'aavu, kimbia, ewe mng'aavu, Asfaloth!" Farasi mwenyewe ni mweupe, hobbiti (Frodo na wenzake) wanapomwona kwa mara ya kwanza anang'aa kwenye kiza, ana kengele, na hatamu yake na lijamu zinametameta kama nyota. Inaingia kama kidole na pete.

#26 Nyuzi Tisa
Sahihisho: lijamu hapana. Mwaka 1958 msomaji mmoja alimwandikia Tolkien kumuuliza kwa nini farasi wa Glorfindel kavalishwa hatamu na lijamu wakati Waelfi hupanda farasi bila hivyo vitu. Tolkien akajibu, akianza kwa utani kwamba hata mwendesha baiskeli wa sarakasi anaweza kuendesha baiskeli yenye usukani, kisha akasema aliandika kwa kutojali. Ilipaswa kuwa hatamu ya kichwani tu, ya urembo, na kwamba Glorfindel hangetumia lijamu. Matoleo ya baadaye yakarekebishwa.

Na hili lina uzito kwenye mada. Kama hakuna lijamu mdomoni, farasi anaongozwa kwa sauti. Frodo pale juu hajui hata la kufanya. Kinachomwendesha Asfaloth ni yale maneno mawili. Kwa hiyo lim lazima iwe kitu ambacho farasi anakitii, si sifa ya kumpamba.

#27 Mpanda Upepo
Farasi wangu mimi ni baiskeli, naiita Asfaloth, na huwa naisifia mlimani ndiyo inapanda. Sifa inafanya kazi.

#28 Chuma Ulete
Bila lijamu na bila breki.

#29 Mshona Maneno
Nimesoma kimya tangu #1, naomba niweke jiwe langu. Wote mnaitafutia lim mzizi. Vipi kama haina? Tuna "lala fofofo". Fofofo ni nini? Huwezi kuikuta popote bila kulala au kufa. Tuna nyeupe pe, nyeusi ti, kimya ji, jaa pomoni, anguka pu. Muulize mtu "ti" maana yake nini, atakwambia "sana". Hivyo ndivyo tanakali zinavyofanya kazi: zimeganda kwenye kitenzi au kivumishi chake, zinatia nguvu, zikitolewa pale zinakufa. Noro lim kwa sikio langu inalia hivyohivyo. Silabi moja fupi, inafunga na m, inarudiwa mara mbili, inatolewa kwa mnyama. "Kimbia lim!" Anayetafsiri "haraka" hajakosea sana, lakini naye anafanya tunachofanya tukiulizwa fofofo.

#30 Kalamu Kavu
Hii sikuitegemea. Mshona Maneno, uje mara nyingi zaidi.

#31 Binti Konsonanti
Inavutia, ila unamvisha Tolkien kanzu yetu. Sarufi yake alijengea kwenye mifano aliyoipenda: Quenya ina sauti za Kifini, Sindarin ina sauti na mabadiliko ya konsonanti ya Kiwelisi. Na alikuwa mtu wa mizizi. Neno likitoka kalamuni, kesho yake analitafutia ukoo.

#32 Mshona Maneno
"Kesho yake" umesema mwenyewe. Leo yake lilikuwa nini? Sauti.

#33 Msomaji wa Pembeni
Kwa kuwa Kiwelisi kimetajwa: Kiwelisi kina llym, maana yake kali, yenye makali. Kimbia kwa ukali, kimbia kikali. Matamshi hayako mbali na lim.

#34 Mzee wa Mizizi
Ll ya Kiwelisi inalingana na ile lh iliyotajwa juu, kwa hiyo kisikio sikukatazi. Lakini Tolkien kwa kawaida alichukua ladha ya sauti, hakuchota maneno pamoja na maana zake. Ukianza kutafuta Kiwelisi ndani ya Sindarin utapata chochote unachotaka.

#35 Jicho la Kando
Narudi kwa Mshona Maneno kwenye #32, maana hapo kuna kitu. Mnadhani Tolkien alikuwa na kabati ambamo kila neno lina jibu moja. Someni kisa cha "ros", kimo kwenye The Peoples of Middle-earth (1996). Alitaka kueleza ros ya jina Elros. Akaandika insha nzima kuonyesha kwamba si neno la Waelfi, limetoka kwenye lugha ya Wanadamu wa ukoo wa Bëor. Historia, koo, hoja juu ya hoja. Halafu akakumbuka kwamba kuna kisiwa kwenye Anduin, Cair Andros, na maana yake kitabuni ilishachapwa: meli ya povu refu. Ros hapo ni povu, na ni Sindarin. Akaandika kwamba sehemu kubwa ya yale maelezo imeanguka. Neno moja lililochapwa kwenye nyongeza likaiangusha insha yote.

Kwa hiyo lim ya 1954 na lim ya mto zinaweza zisiwe na maelezo mamoja hata ndani ya kichwa chake. Kilichochapwa kilimfunga, maelezo aliendelea kuyabadili.

#36 Kobe Hachoki
Hapo nakuunga mkono, ingawa hata kilichochapwa hakikumfunga kila mara. Salamu ya Frodo kwa Mwelfi Gildor, ile ya nyota kung'aa juu ya saa ya kukutana kwetu, mwaka 1954 ilichapwa omentielmo. Toleo la pili ikawa omentielvo. "Kwetu" hiyo ina aina zake: kuna ya mimi na wewe ninayekusalimu, na kuna ya sisi bila wewe. Alipobadili mpango wa viwakilishi, salamu nayo ikabadilika.

#37 Chuma Ulete
Kwa hiyo kuna uwezekano Frodo alimwambia Gildor "kukutana kwetu, wewe haumo". 😂

#38 Binti Konsonanti
Chuma Ulete kwa mara ya pili leo unakaribia kuwa na maana. Nenda kapumzike.

#39 Mkimbia Alfajiri
Hadi sasa nina: haraka, samaki, mfululizo, angavu, kikali, na fofofo. Nifute au nisifute?

#40 Nyuzi Tisa
Usifute. Ukiulizwa na mtu taja ile inayomfaa yeye.

#41 Kobe Hachoki
Mfululizo. Tulishakubaliana.

#42 Binti Konsonanti
Hatujakubaliana. Mimi kwangu Limhir ndiyo ushahidi pekee ulio Sindarin mtupu na wenye fasiri. Angavu. Jinsi "kimbia angavu" inavyoleta maana ndiyo kazi iliyobaki, na Mpanda Upepo hajaimaliza. Huenda ni kielezi: kimbia wepesi, bila uzito, kama maji safi yanavyokwenda. Lakini hapo natabiri, sithibitishi.

#43 Mzee wa Mizizi
Wepesi. Hatua moja tu ufike haraka, binti. Nakusubiri mlangoni.

#44 Msomaji wa Pembeni
Samahani kwa kuchepuka. Mleta uzi alisema Asfaloth ni jina tu, tukapita. Je, lenyewe linachambulika? Loth ni ua, kama kwenye Nimloth na Lothlórien. Asfa ndiyo nini?

#45 Jicho la Kando
Inategemea unakata wapi. Ukikata Asfa-loth, unapata ua na kipande kisicho na pa kushika. Ukikata As-faloth, faloth inakupeleka kwa falas, ufuko wenye mawimbi yanayovunjika, na kwa ukoo wake wote wa povu. Farasi mweupe mwenye jina la povu. Na ukumbuke mafuriko ya Bruinen yalivyowameza wale Wapandafarasi: Gandalf aliyatia maumbo ya farasi weupe ndani ya mawimbi.

#46 Binti Konsonanti
Na hiyo "As" inayobaki mbele?

#47 Jicho la Kando
Ndiyo maana nimesema inategemea.

#48 Chuma Ulete
Farasi wa povu, anaambiwa akimbie samaki, anaelekea mtoni. Endeleeni kunicheka.